Mwinjilisti Aliyenifasiria

Watu walicheka mahali ambapo mimi sikuweka kichekesho. Hapo ndipo mashaka yangu yalipoanza.

Nilikuwa nimesimama mbele ya kanisa letu la tembe, lenye paa la udongo na madirisha madogo kama ya ghala, nikifundisha habari za yule mchungaji aliyewaacha kondoo tisini na tisa akaenda kumtafuta mmoja aliyepotea. Nilisema sentensi moja ya Kiswahili, fupi. Mwinjilisti aliyekuwa akinifasiria kwa Kigogo akaichukua, akaenda nayo mbali, akaongea mpaka nikachoka kusimama. Kisha kanisa zima likacheka. Wazee walicheka, kina mama wakajifunika midomo kwa khanga. Yeye hakucheka. Alinigeukia kwa upole akasema, "Endelea, Mwalimu."

Baada ya ibada nilimfuata nje. "Baba Mwinjilisti, walicheka nini?"

"Wamelifurahia Neno, mwanangu."

"Lakini sikusema jambo la kuchekesha."

"Furaha haina kanuni," akasema, akapanda baiskeli yake akaenda.

Mimi si mtu wa Dodoma. Nilizaliwa nyanda za juu kusini, kwenye ukungu na mashamba ya viazi, na nilipomaliza chuo cha Biblia nikapangiwa kuwa mwalimu wa kina mama katika kijiji kimoja mbele ya Chamwino, mwendo wa saa tatu kwa miguu kutoka barabara ya mabasi. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, sijaolewa, na nilijiona nimetumwa kuleta nuru. Ilikuwa miaka ya ruksa. Sabuni na sukari vilikuwa vimerudi madukani, mitumba ilikuwa inamwagwa chini kila mnada, na kila aliyekuwa na nguvu alikuwa anatafuta cha kuuza. Wanaume wengi wa kijijini walijua Kiswahili cha kutosha. Wanawake, hasa watu wazima, walikijua kidogo sana. Bila mtu wa kunifasiria nilikuwa kama bubu mwenye Biblia.

Mtu huyo alikuwa mwinjilisti wa pale, mwenyeji, mrefu, mwenye umri wa baba yangu. Alivaa koti la mtumba lenye vifungo vya rangi ya dhahabu, hata jua la saa saba halikumvua. Mkewe ndiye aliyenilisha miezi yangu ya kwanza, ugali wa uwele na mlenda, mpaka nilipopata jiko langu. Kwa hiyo nilikula chakula chao huku nikimshuku mume. Siku hizo sikuona ubaya wowote katika hilo.

Nilianza kupima. Nikisema sana, yeye alisema kidogo. Nikisema kidogo, alisema sana. Siku moja nilitaja jina la Petro mara tatu na katika tafsiri yake sikumsikia Petro hata mara moja. Siku nyingine nilisikia neno "Mwalimu" likijirudia katika maneno yake, na kila likitajwa watu walinitazama kwa macho ambayo sikuyaelewa. Mwalimu anafanya nini humo ndani ya Kigogo? Kwenye daftari langu la masomo nikaanza kuandika pembeni, kwa herufi ndogo, mahali alipokaa muda mrefu na mahali waliposhtuka.

Ajabu ni kwamba kazi ilikuwa inakua. Darasa la kina mama la Jumatano lilianza na saba. Kufikia mavuno walikuwa zaidi ya thelathini, wengine wakitembea kutoka vitongoji vya mbali na watoto mgongoni. Katika barua zangu kwa mwalimu wangu wa chuo niliandika kwamba Bwana ananitumia. Niliandika hivyo kwa unyenyekevu wa maneno na kiburi cha moyo.

Kisha likaja jambo la maji. Kiangazi pale watu huchimba visima vifupi kwenye mchanga wa korongo, kila nyumba na chake, na mgeni huchota kwa yeyote aliyemkuta. Asubuhi moja nilimkuta mke wa mdogo wake mwinjilisti. Aliponiona akainuka, akaburuta tawi la miiba, akafunika kisima chake, akajitwika ndoo akaondoka. Nilibaki nimesimama mchangani na dumu langu. Wiki hiyo hiyo nikakutana na mumewe njiani. Nikamwamkia, "Shikamoo." Akapita kama aliyepita karibu na kichuguu. Huyu mtu sikuwahi kubadilishana naye zaidi ya salamu, na alikuwa ameacha kuja kanisani tangu mwezi uliopita.

Nilimwendea mwinjilisti nikamkuta anarudishia mnyororo wa baiskeli.

"Mdogo wako nimemkosea nini?"

"Ana mambo yake."

"Mambo gani?"

"Ya nyumbani." Hakuinua macho. Mikono yake ilikuwa na grisi mpaka kwenye viwiko, na nakumbuka niliwaza, mtu huyu anajua kuficha.

Mchungaji wetu wa mtaa aliishi mbali, karibu na barabara kuu, na alikuwa na makanisa mengi ya kuzungukia. Siku hizo alikuwa pia na mashine ya kusaga, na nusu ya wiki alikuwa Kibaigwa akitafuta mahindi. Nilimfuata huko kwake. Alinisikiliza amesimama, unga umemkaa kwenye nyusi, mashine ikiunguruma mpaka tukawa tunapiga kelele.

"Baba Mchungaji, nina wasiwasi na mwinjilisti. Nadhani hanifasirii sawasawa."

"Una ushahidi?"

"Sina."

"Basi kaa kimya. Lakini kaa macho." Akanisogelea sikioni. "Yule aliwahi kuondolewa kwenye Meza ya Bwana. Ugomvi wa ndugu. Zamani."

Akarudi kwenye mashine yake. Heri angeniambia yote au asingeniambia kitu. Nusu ile ilinitafuna njia nzima ya kurudi.

Nilichofanya baada ya hapo sikukionea haya mpaka baadaye sana. Nilikwenda Dodoma mjini nikaazima redio kaseti kwa rafiki yangu, muuguzi, Mgogo wa kuzaliwa, tuliyekuwa tunasali naye nilipokuwa chuoni. Nikarudi nayo kijijini nikamwambia mwinjilisti kwamba nataka kurekodi kwaya. Alifurahi. Yeye mwenyewe ndiye aliyenitafutia kigoda cha kuiweka, karibu na mimbari, na akawaambia wanakwaya wakae karibu. Nilirekodi wimbo mmoja. Kisha nikaiacha inazunguka somo zima la Jumapili. Jumatano nikaifunika kwa kitenge ndani ya kikapu nikarekodi darasa la kina mama.

Muuguzi alikuwa na chumba kimoja kwenye nyumba za watumishi wa hospitali. Tulikaa kitandani alasiri, kaseti katikati yetu, yeye bado amevaa sare. Mwanzoni alitabasamu tu. Tulikuwa tumeanza na upande wa darasa la Jumatano, na mara akasimamisha kaseti.

"Hapa wewe ulisema nini?"

Nilikumbuka vizuri. Nilikuwa nimesema kama nilivyofundishwa, kwamba mwanamke aliyeolewa mke wa pili hawezi kubatizwa mpaka atoke katika ndoa ile.

"Yeye hakusema hivyo," muuguzi akasema. "Amesema, 'Mwalimu anasema safari ni ndefu. Aliye mke wa pili aje asome na wenzake. Asiwaache watoto, asihame nyumba kwa sababu ya maneno ya leo. Mwalimu anasema Mungu anamwona.'"

Thelathini na zaidi! Nilianza kuwahesabu mmoja mmoja kichwani, nani mke wa kwanza, nani wa pili. Wengi walikuwa wa pili. Wengi walikuja kwa ajili ya maneno ambayo sikuyasema.

"Endelea," nikamwambia.

Tulipogeuza upande wa somo la Jumapili, lile la kumpenda jirani, muuguzi hakutabasamu tena. Alirudisha nyuma mara mbili kuhakikisha. "Dada, hapa anasema, 'Mwalimu anasema, kuna mtu katika kanisa hili aliyesogeza minyaa ya mpaka akala shamba la ndugu yake. Mwalimu amemwona mtu huyo. Asipoirudisha minyaa mahali pake, Mwalimu anasema, mvua itampita.'"

Sikuwa nimewahi kutamka neno minyaa, ile mimea ya uzio, katika maisha yangu yote pale.

Nilirudi kijijini kesho yake, basi mpaka njia panda, kisha miguu. Nilikuwa nimepanga maneno kama wakili. Nilimkuta nyuma ya nyumba anapura uwele kwa fimbo, mkewe anapepeta.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Umerudi na vumbi, mwanangu. Kaa, unywe maji."

"Baba Mwinjilisti, nilirekodi."

"Ulirekodi kwaya."

"Sikurekodi kwaya tu."

Akaweka fimbo chini. Akageuza kinu akakikalia. "Nani amekusikilizia?"

"Mtu wa mjini."

"Mgogo?"

"Ndiyo."

"Basi amekuambia kweli."

Nilikuwa nimejiandaa kwa kukana. Sikutarajia akubali. "Kwa nini?" nikauliza.

"Unataka lipi kwanza?"

"Siku ile ya kondoo. Walicheka nini?"

Mkewe akacheka kabla hajajibiwa mtu. Mwinjilisti akafuta jasho kwa mkono wa koti. "Hapa mtu akiacha ng'ombe tisini na tisa porini kwa ajili ya mmoja, tunasema ni kichaa, baba yake anamnyang'anya fimbo. Wazee walianza kunong'ona. Nikawaambia wale tisini na tisa walibaki na wachungaji wenzake. Nikawaambia msimshangae binti wa watu, kwao wanachunga viazi."

Sikucheka. Leo nacheka. "Na wake wa pili?"

"Yule mama wa watoto wanne anayekaa mbele, ulitaka atoke aende wapi? Ungempokea chumbani kwako?"

"Ni kanuni ya kanisa, si yangu."

"Naijua. Nilikuwa nimeiacha aje aisome mchungaji siku ya ubatizo. Nilitaka kwanza wafike."

"Ulinidanganyia."

"Nilikudanganyia," akasema, bila kujitetea, na hilo lilinikera zaidi.

"Na mdogo wako?"

Ungo wa mkewe ukasimama. Alimtazama mumewe, na nikajua kwamba hata yeye jambo hilo lilikuwa linamkaa kooni.

"Hilo, hapana," akasema polepole. "Hilo lilikuwa langu. Nikilisema mimi, watu wanasema ni ugomvi wa ndugu. Likisemwa na mgeni, ni Neno. Nimelisema mara tatu."

"Kwa mdomo wangu."

"Kwa mdomo wako. Na wewe umeuweka wa kwangu ndani ya kaseti, ukaniambia ni kwaya."

Kuku walikuja kudonoa uwele na hakuna aliyewafukuza. Mwishowe nikamwomba radhi kwa ile redio, naye akaniomba radhi kwa habari ya mdogo wake. Kwa habari ya wake wa pili hakuniomba. Tukakubaliana kwamba yeye mwenyewe atamwendea mdogo wake, na kwamba jambo hili litaishia pale uani. Nilimpa neno langu.

Neno langu lilidumu siku ishirini hivi. Kaseti nilikuwa nimeisahau kwa muuguzi. Yeye, bila nia mbaya, aliwapigia wenzake kazini wasikie jinsi Mwalimu alivyotabiri mvua. Kutoka hospitali hadi kwa mchungaji sijui ilipita midomo mingapi. Najua tu kwamba Alhamisi moja lori la mahindi lilisimama njia panda, na saa chache baadaye mchungaji akaingia kijijini, kaseti ikionekana mfukoni mwa shati.

"Sasa ushahidi tunao," akaniambia, kama tuliokuwa tunawinda pamoja.

Mwinjilisti alinitazama mara moja tu. Nilimweleza, nikaapa kwamba si mimi, naye akasema, "Nimesikia." Kusikia si kuamini. Nilikuwa nimemtazama yeye hivyo hivyo kwa mwaka mzima, sasa nikaonja nilichokuwa nampikia.

Tena sikumwamini mchungaji pia. Kwa nini haraka hii, mtu ambaye mashine yake haikumpa nafasi ya kuja hata kubatiza? Nilijua alikuwa na mpwa wake aliyemaliza mafunzo ya uinjilisti na bado yuko nyumbani. Nikaunganisha mawili hayo, na usingizi ukanihama. Lakini mpwa yule baadaye alipangiwa upande wa Kongwa, na mpaka leo sijui kama nilimsingizia mchungaji moyoni au nilimsoma sawasawa.

Wazee wa kanisa walikaa Jumamosi. Mdogo wake mwinjilisti alikuja pia, akakaa karibu na mlango. Kaseti ilipigwa kwa redio ya mwalimu mkuu wa shule. Watu wakasikiliza sauti wanayoijua ikisema maneno waliyoyajua, na hakuna aliyeshangaa isipokuwa mimi, niliyekuwa nimezoea kudhani siri ile ni yangu. Wao walikuwa wanaelewa lugha zote mbili. Wazee wale walijua tangu mwanzo kwamba mimi nasema hili na yeye anasema lile.

"Mbona hamkuniambia?" nikawauliza.

Mzee mmoja akajibu, "Tulidhani mmepatana."

Mchungaji akanigeukia. "Mwalimu, wewe ndiye uliyekosewa. Unataka tumfanyeje? Unamwamini bado?"

Nilisema kweli kadiri nilivyoweza. Nikasema katika habari ya shamba simwamini hata kidogo. Katika habari ya wale kina mama, nikasema, alikosa kwangu, lakini kama angefasiri nilivyosema, leo darasa lisingekuwepo. Mchungaji hakupenda jibu hilo. Mwinjilisti alikuwa anatazama vidole vya miguu yake. Wakaamua akae miezi mitatu bila kusimama kanisani, na arudishe amani na mdogo wake mbele ya wazee wawili.

Miezi ile mitatu nilifundisha peke yangu, kwa Kiswahili na vipande vya Kigogo alivyonifundisha mke wa mwinjilisti, ambaye hakuacha kunipa mlenda hata siku moja. Kina mama walipungua kama maji ya korongo. Juma la pili alinijia yule mama wa watoto wanne, amejitwika beseni, na binti yake wa shule ili amsaidie Kiswahili.

"Mama anauliza," binti akasema, "ni kweli Mwalimu ulisema atoke kwa baba?"

Ningeweza kusema sikusema. Nilifungua mdomo nikitaka kusema hivyo. "Ni kweli, nilisema."

Mama hakungoja kufasiriwa. Alirekebisha ngata yake akaondoka. Jumatano tatu kiti chake kilikuwa wazi. Ya nne nilifunga darasa, nikaenda mpaka kwake, mwendo wa saa nzima juani, na kwa Kigogo changu kibovu nikamwambia aje asome, safari ni ndefu. Aliniangalia sana, kama mtu anayekagua noti ya bandia. Akanipa maji. Jumatano iliyofuata alikuja, akakaa nyuma badala ya mbele.

Mwinjilisti alipomaliza adhabu, tukaanza utaratibu mpya. Kila Jumamosi nilikwenda kwake na somo langu, tunalipitia neno kwa neno, na mahali alipotaka kubadilisha aliniambia. Tuligombana sana Jumamosi hizo. Mara mbili niliondoka bila kuaga. Mara moja alinitupia daftari langu. Suala la wake wa pili tuliliandikia barua kwa wakubwa wetu, tukatia saini wote wawili, na jibu lililokuja halikusaidia sana, ila yule mama aliruhusiwa kuendelea kusoma. Nilipoanza kuelewa Kigogo vizuri nilisikiliza kila neno lake Jumapili. Alikuwa anafasiri nilivyosema. Na bado kila aliporefusha, nilihesabu maneno.

Yeye na mdogo wake walipeana mkono mbele ya wazee. Minyaa ilipandwa upya, kukawa na mstari mmoja ambao wote wawili waliukubali. Mke wa mdogo mtu hakufunika tena kisima, ingawa nami sikupenda kuchota hapo. Miaka miwili baadaye mvua zilikataa, na mdogo mtu akauza mbuzi zake, akachukua familia yake wakahamia Kibaigwa, yeye akabebe magunia sokoni. Shamba lake likabaki.

Msimu uliofuata nilijikuta napita huko. Sikuwa na safari yoyote upande ule, na nilijua ninachokwenda kutazama. Shamba la mdogo mtu lilikuwa limeota nyasi na vichaka, hakuna jembe lililoligusa. Nikafurahi, nikajiona mjinga kwa kuja. Kisha nikatembea kwa kufuata minyaa mpaka mwisho, na kule mwisho, ng'ambo ya mstari, upande wa mdogo mtu, nikakuta matuta mawili ya karanga, yamepaliliwa vizuri.

Matuta mawili tu. Pengine mdogo mtu aliwaachia watoto wa kaka yake sehemu hiyo kwa hiari. Pengine mkewe mwinjilisti aliomba. Nilisimama pale muda mrefu nikitafuta nyayo kwenye udongo, kama polisi.

Jumamosi nilikwenda kwa mwinjilisti na somo langu kama kawaida. Mkewe alituletea karanga za kuchemsha kwenye bakuli, bado zina moto. Nilizila. Sikuuliza zimetoka shamba gani, naye hakunieleza, tukafungua Biblia tukaanza kubishana kuhusu mstari wa kwanza.